Karatasi inasema mume hana mbegu, mke ana mimba, na hajachepuka: inawezekana?

"Shikamoo dokta. Naandika riwaya, ndo ya kwanza, familia iko Tanga mjini. Mume ni dereva wa lori anapeleka mizigo Lubumbashi, mke ni fundi cherehani, wana miaka saba kwenye ndoa na hawajapata mtoto. Mama mkwe anasema ni chango la mke, ameshamnywesha kila aina ya mizizi, na hospitali ameshasafishwa kizazi mara nne. Siku moja mke anakuta kwenye begi la mume karatasi ya maabara ya mwaka mmoja kabla ya ndoa yao, imeandikwa hakuna mbegu. Na wakati huo yeye ana mimba ya miezi miwili. Kila msomaji atajua amechepuka, ila mimi nataka mwishoni ijulikane hakuchepuka. Rafiki yangu kasema haiwezekani nitachekwa. Wazo la pili, mume alifunga uzazi kwa siri, mke akashtuka kwa sababu shahawa zilikuwa nyepesi, halafu daktari akampigia simu mke kumthibitishia. Na mtoto anazaliwa group O wakati baba ni B na mama ni A, hapo mama mkwe anapata ushahidi. Naomba unisahihishe."

Marahaba mwanangu. Hutachekwa, au tuseme hutachekwa kwa hilo unaloliogopa. Unachoniuliza hasa ni kama karatasi moja iliyoandikwa sifuri inafunga kesi, na jibu langu ni kwamba haifungi, tena haifungi hata kwa watu halisi wanaokuja kliniki na karatasi kama hiyo imekunjwa kwenye pochi miaka na miaka. Yatakayokuponza kwa wasomaji wenye kujua ni mengine, hiyo group ya damu, hizo shahawa nyepesi, na daktari mwenye mdomo mwepesi. Tutafika huko. Tuanze na karatasi.

Kipimo cha mbegu kinaonekana rahisi, mtu anatoa, anaweka kwenye kikopo, fundi wa maabara anaangalia kwenye hadubini. Lakini ni kipimo chenye masharti mengi. Mwanaume anatakiwa awe amekaa bila kutoa shahawa siku 2 mpaka 7, sampuli yote iingie kwenye kikopo, ianze kupimwa ndani ya saa moja na isipoe njiani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka mpaka wa chini wa kiasi cha shahawa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, jumla milioni 39. Sasa watu wakiona namba zao ziko chini ya hapo wanadhani wameandikiwa utasa, kumbe mipaka hiyo ilitolewa kwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na hata kati ya hao kina baba, watano katika kila mia walikuwa chini ya mpaka. Kwa hiyo ukiwa chini maana yake nafasi inapungua, haimaanishi mlango umefungwa.

Sifuri nayo ina mambo yake. Ili maabara iandike kwamba hakuna mbegu kabisa, hali tunayoita azospemia, inatakiwa ile sampuli izungushwe kwenye mashine mpaka vilivyomo vizame chini, halafu watafute kwenye ile tope, na kipimo kirudiwe siku nyingine. Maabara ndogo nyingi hazifanyi hivyo, zinaweka tone kwenye kioo, hazioni kitu, zinaandika hakuna. Mtu mwenye mbegu chache sana, laki moja moja hivi badala ya mamilioni, anaweza kabisa kuondoka na karatasi ya sifuri. Wanaume ambao kweli hawana hata moja wapo, wanakadiriwa ni kama mmoja katika kila mia, ila karatasi moja haitoshi kumuweka mtu kwenye kundi hilo.

Kitu kingine, mbegu inachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, halafu inasafiri kwenye mirija yake ndo itoke. Kwa hiyo majibu ya leo yanakueleza habari za miezi mitatu hivi iliyopita. Mwanaume akiugua homa kali mwezi wa tatu, akapimwa wa tano, mbegu zinaweza kuwa zimeshuka vibaya sana na mwezi wa tisa zikawa zimerudi. Mhusika wako kapimwa mwaka mmoja kabla ya ndoa, mke kashika mimba mwaka wa saba wa ndoa. Hiyo ni miaka minane katikati! Hakuna daktari makini atakayesimama popote aseme karatasi ile inathibitisha chochote kuhusu mimba hii.

Swali ambalo rafiki yako alitakiwa akuulize ni lingine. Kama mume hakuwa sifuri, mbona miaka saba hawakupata? Na hapa umejijibu mwenyewe bila kujua, umemfanya dereva wa lori la Lubumbashi. Yai la mwanamke likishatoka linaishi saa 24 kwa mengi, mbegu ndani ya mwanamke zinaweza kuishi mpaka siku tano, kwa hiyo mwezi mzima dirisha la kushika mimba ni siku sita hivi, basi. Hata vijana wasio na tatizo lolote na wanalala nyumba moja kila siku, kwa mwezi nafasi yao ni kama moja katika nne au tano. Sasa chukua mtu mwenye mbegu chache, yuko foleni ya mpakani Tunduma, akitoka Tunduma yuko foleni Kasumbalesa mpakani mwa Kongo, nyumbani anaonekana siku nne tano akiwa amechoka halafu anaondoka tena, miaka saba inapita hivi hivi. Tunaposema wenzi wana tatizo la uzazi tunamaanisha wamekutana mara kwa mara bila kinga miezi 12 na mimba haijaingia, sasa ukihesabu siku ambazo hawa wawili wamekutana kweli unaweza kukuta haifiki hata mwaka mmoja wa wenzi wa kawaida. Halafu lori linapata ajali, au bosi anauza magari, mume anakaa nyumbani miezi sita kwa mara ya kwanza tangu aoe. Mke anashika mimba. Mimi ningechukua hii kwa sababu ni ya kawaida kabisa, hakuna muujiza, na msomaji alikuwa na taarifa zote mbele yake tangu ukurasa wa kwanza akaziona kama mambo ya riziki tu.

Ila kuna tundu kwenye hadithi yako kubwa kuliko yote uliyoniuliza. Kijana hajaoa, hana mchumba wa kumshinikiza, alienda kupima mbegu kwa nini? Hakuna anayeamka asubuhi akajisikia kwenda kupima mbegu. Wanaume wetu hata baada ya miaka mitano ya ndoa bila mtoto kuwaleta kupima ni kazi, wengine wanamtuma mke aje na kaka yake. Kijana asiye na ndoa anapima kwa sababu kuna kitu kimemsukuma. Labda aliumwa matubwitubwi akiwa mkubwa korodani zikavimba, jirani akamtisha, hilo linatokea na kweli linaweza kuharibu uzalishaji wa mbegu ingawa mara nyingi linashika korodani moja tu. Labda alipata kisonono akakichelewesha mpaka kikaleta shida kwenye mirija ya mbegu. Au, na hapa ndo ningekaa mimi kama ningekuwa na kipaji chako, kuna binti alimwambia ana mimba yake na yeye akaenda kutafuta karatasi ya kumkana. Kipimo cha mwezi wa kumi hakiwezi kusema lolote la uhakika kuhusu mimba iliyoingia mwezi wa pili, lakini nani katika familia ile alijua hivyo? Akaiamini karatasi yake, akaificha, akaoa, akaacha mke anyweshwe mizizi miaka saba huku yeye anajua (au anadhani anajua) kwamba tatizo ni lake. Na huko Muheza au Korogwe kuna mtoto wa darasa la pili au la tatu ana masikio ya baba yake. Fumbo lako lipo hapo, mimba ya mke ni kamba tu ya kulivutia.

Zipo njia nyingine mbili ambazo kitabibu zinasimama. Moja ni sindano za testosteroni, zile za kujaza misuli wanazouziana gym. Watu wanadhani homoni ya kiume ikiongezwa uanaume unaongezeka, kumbe ubongo ukikuta testosteroni imejaa kwenye damu unaacha kutuma LH na FSH, zile homoni zinazoziamrisha korodani zifanye kazi, na ndani ya miezi michache mbegu zinaweza kufika sifuri kabisa wakati kwa nje jamaa ana kifua kama mlango. Akiacha, kwa wengi zinarudi, kuna wa miezi sita na kuna wa mwaka au zaidi, na wachache wanapata shida. Ni nzuri kwa riwaya kwa sababu kuna vichupa vya kuficha, ila dereva wa masafa kuendelea na sindano miaka saba sijui kama utanishawishi. Nyingine ni karatasi si yake, sampuli zimebadilishwa majina au ni ya mdogo wake. Inatokea, lakini kwenye riwaya nahisi ni kumuonea msomaji, umemzungusha kurasa mia tatu halafu unamwambia mtu wa maabara alikosea.

Kufunga uzazi sasa. Hapa dosari ni ya kitabibu moja kwa moja. Sehemu kubwa ya shahawa inatoka kwenye vifuko vilivyo nyuma ya kibofu na kwenye tezi dume, mbegu zenyewe ni asilimia chache tu ya kile kinachotoka. Vasektomi inakata ile mirija miwili inayoleta mbegu, ni kama kuziba kijito kimoja kinachoingia mto Pangani, ukisimama darajani huoni tofauti. Rangi ile ile, wingi ule ule, nguvu ile ile, hamu ile ile. Hakuna mke atakayeshtuka kwa kuangalia. Na si kuhasiwa, naomba usimwachie mhusika wako yeyote aseme hivyo bila mwenzake kumsahihisha maana uongo huo umeshazuia wanaume wengi. Ukitaka mke agundue, mpe kadi ya kurudi kliniki, kwa sababu baada ya kukatwa mwanaume anatakiwa atumie kinga nyingine kama miezi mitatu mpaka apimwe waone mbegu zimeisha, zile zilizokuwa zimeshapita sehemu ya kukatwa bado zipo njiani. Mume ambaye hakurudi kupimwa anaweza kumpa mke mimba halali kabisa na kumfukuza kwa uzinzi. Ukiipenda hiyo itumie, ila basi ile ya karatasi ya kabla ya ndoa iache, mbili kwa pamoja ni nyingi.

Kuhusu kusafishwa kizazi mara nne nakuomba upunguze, na hili nalisema kwa uchungu kidogo. Kukwangua kizazi kuna kazi yake, mimba ikiharibika na mabaki yakabaki, au kutafuta sababu ya damu isiyoeleweka. Si dawa ya kutafuta mtoto. Kila ukikwangua kuna hatari ya kuta za ndani kupata makovu na kushikana, hedhi inakuwa kidogo au inakata, na mimba inakosa pa kujishikiza. Ukimsafisha mhusika wako mara nne halafu akashika mimba kirahisi mwezi mume anaporudi, mkunga yeyote atakayesoma atafunga kitabu. Iwe mara moja tu, tena kwa mtu asiye na sifa kwenye duka la dawa la nyuma ya soko. Ila usiondoe kabisa, maana kwa yale ninayoyaona hospitali hilo ndo kosa la jinai la nyumba nyingi za namna hii. Mwanamke anapigwa ultrasaundi, anasukumiwa dawa kwenye mirija na kupigwa eksirei, anachomwa homoni, anafukiziwa, anaogeshwa kombe, anaambiwa ana jini mahaba, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia mwanaume akatoe sampuli ya dakika kumi. Wakati karibu nusu ya wenzi wanaokosa mtoto, tatizo au sehemu ya tatizo iko kwa mwanaume.

Daktari kumpigia mke na kumpa majibu ya mume, hapana. Majibu ni ya aliyepimwa. Mimi mke akija na kunisihi, hata akilia, nitamwambia aje na mwenzake tuongee wote. Hiyo ni faida kwako lakini, kwa sababu kwenye riwaya yako kuna mtu mmoja anayejua ukweli na maadili ya kazi yake yanamziba mdomo, kila sura anakutana na mke sokoni Mgandini wanasalimiana tu.

Na ile group ya damu ifute leo hii. Baba B na mama A wanaweza kupata mtoto wa group yoyote, A, B, AB au O, kwa sababu kila mmoja anaweza kuwa amebeba O iliyojificha chini. Mama mkwe akipiga kelele kwa hilo basi iwe ni ujinga wake na umuoneshe hivyo, kuna ndoa za kweli zimevunjika kwa hesabu hiyo ya uongo. Ukitaka damu iseme kitu kizito, tumia selimundu. Mtoto mwenye selimundu kamili, SS, amechukua S moja, yaani kinasaba cha ugonjwa huo, kwa mama na moja kwa baba, sasa baba akipimwa vizuri akakutwa AA, yaani hana S kabisa, hapo kuna swali kweli, ingawa bado daktari atataka kurudia vipimo vya wote watatu kabla hajafungua mdomo. Lakini wewe unataka mke awe hana kosa, kwa hiyo igeuze. Mtoto ana selimundu, mume kwa ubishi anakubali kupimwa akitegemea kutoka AA, anatoka AS, yaani amebeba S moja. Haithibitishi ubaba, maana waliobeba S huku kwetu ni wengi, ila inamnyima mama mkwe kete yake ya mwisho.

Cha kuthibitisha ni DNA, na kwa Tanzania mtu haingii tu maabara na nywele za mtoto kwenye bahasha. Kuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, vipimo vinafanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi yanapitia njia rasmi kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Riwaya yako ikifika huko kila mtu mtaani atakuwa ameshajua, nadhani ungeishia kabla.

Sasa mwanangu, uniruhusu nitoke kwenye riwaya kidogo. Wengi wanaoniuliza kuhusu "rafiki yangu" au "mhusika wangu" wanauliza vya kweli, na kama wewe si mmojawao ruka aya hii. Kama kuna mwanamke halisi ana mimba na mume ana karatasi ya zamani, aanze kliniki ya wajawazito mapema, kabla ya wiki 12, ugomvi wa karatasi usubiri. Mume arudie kipimo maabara yenye uzoefu, mara mbili, kikiwa na zaidi ya mwezi mmoja katikati, na majibu wayasikie pamoja mbele ya daktari wa uzazi. Wakikuta zipo hata chache, kesi imebadilika. Wakikuta bado sifuri, daktari atapima homoni na kuangalia kama mirija imeziba au korodani hazitengenezi, na mazungumzo yatakuwa magumu, siwezi kukudanganya. Akianza kupigwa, kufungiwa ndani au kutishiwa, asingoje kipimo chochote, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto na wanapokea kesi hizi. Na wanaotafuta mtoto bado, mwaka mmoja ukiisha nendeni wote wawili siku moja, mwanamke akiwa na miaka 35 au zaidi msivuke miezi sita, na kama hedhi inaruka miezi au mwanaume alishawahi kufanyiwa upasuaji wa korodani msisubiri hata hiyo miezi.

Turudi kwenye begi. Ushauri wa mwisho ni wa karatasi yenyewe, iandike yote. Waandishi wengi wangeandika "hakuna mbegu" basi, wewe mpe msomaji karatasi nzima sura ya tatu, imechakaa, na vile visehemu ambavyo hakuna mtu anavisoma. Siku za kujizuia: hakuna kilichojazwa. Muda wa kutoa saa 2 asubuhi, muda wa kupima saa 5 na nusu. Kiasi cha shahawa: mililita 0.3. Sampuli kuzungushwa kwenye mashine: hapana. Kijana kaambiwa akatoe kwenye choo cha wagonjwa, watu wanagonga mlango, ameona aibu, sehemu ya kwanza imemwagika pembeni, na ile sehemu ya kwanza inayotoka ndo inayobeba mbegu nyingi kuliko zote. Kilichoingia kikoponi ni maji ya mwisho mwisho. Msomaji wa kawaida atapita juu ya hiyo 0.3 bila kusimama, mke naye atapita, mume amepita miaka minane. Halafu karibu na mwisho mpe mke mteja mmoja wa cherehani, mama anayefanya kazi maabara, amekuja kuchukua gauni lake la harusi ya mdogo wake, anaiona ile karatasi juu ya meza katikati ya vitambaa na mkasi, anaichukua, anavaa miwani, na kabla hajasoma ile ya chini iliyoandikwa kwa herufi kubwa anauliza, "Hii 0.3 ndo kikopo kizima?"